Anga ya Unguja na Haki ya Jirani

Msafiri anayepanda boti katika bandari ya Dar es Salaam kuelekea Unguja hupewa mandhari mbili katika safari ya takriban saa mbili. Nyuma yake husimama maghorofa ya Dar es Salaam, likiwamo jengo la Mamlaka ya Bandari na majengo pacha ya mfuko wa pensheni, yote yakipita ghorofa 30. Hayo ndiyo ya mwisho kuzama katika upeo wa macho. Mbele yake Unguja hujitokeza kwa sura nyingine. Kwanza ni mstari wa minazi, kisha ukingo mweupe wa nyumba zinazokaribiana kimo. Juu ya ukingo huo huchomoza vitu vya kuhesabika: Beit al-Ajaib, kanisa la Minara Miwili na minara ya misikiti.

Usawa huo wa mapaa haukutokea kwa bahati. Nyumba ya Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, kwa kuta nene. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki upana wa mita tatu hivi, chumba huwa chembamba na kirefu. Kwa vifaa hivyo fundi hupandisha ghorofa mbili au tatu, mara chache zaidi, kisha husimama. Hata nyumba za ibada zilishika adabu hiyo. Misikiti mingi ya Ibadhi haina mnara, na mgeni anaweza kuipita akidhani ni nyumba ya mtu. Ndiyo maana Msikiti wa Balnara wa Malindi, uliojengwa mwaka 1831, ulipata jina lake kutokana na mnara wake uliochongoka.

Kimo hicho kina maana yake katika maisha ya familia. Vichochoro vyembamba huwapa wapita njia kivuli, na nyumba hupumua kupitia ua wake wa ndani, mahali ambapo akina mama na watoto hukaa bila kutazamwa. Mtu akiongeza ghorofa moja tu huweza kumzibia jirani upepo wa kusi au wa kaskazi, na dirisha lake jipya likachungulia uani kwa watu. Wanazuoni wa fiqhi waliliona jambo hili karne nyingi kabla ya kuwapo idara za mipango miji. Walijadili madirisha, kuta na mapaa kwa msingi kwamba mtu hana ruhusa ya kumdhuru mwenzake, na wapo waliomkataza hata muadhini kupanda mnara unaofichua nyua za majirani. Isitoshe, katika ile hadithi mashuhuri ya Jibril, kushindana katika kurefusha majengo kumetajwa miongoni mwa alama za Kiyama. Kinachoonywa hapo ni mashindano. Kuwapa watu makazi ni jambo jingine.

Leo mpaka huo wa kale una sheria ya kuusimamia. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sheria mpya ya mamlaka hiyo ikapitishwa mwaka 2010. Eneo lenyewe ni hekta 96 tu. Hata hivyo, mvutano haukuisha. Hoteli kubwa ilipojengwa ubavuni mwa jumba la Mambo Msiige, Shangani, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo hilo jipya ufukweni. Wasiwasi wa namna hiyo si wa kupuuzwa: mwaka 2021 Liverpool ya Uingereza ilifutwa katika orodha hiyo kwa sababu ya majengo mapya ya ukingo wa maji.

Wazanzibari wenye jamaa zao Ghuba wanazijua njia mbili zinazopingana. Dubai ilichagua kupanda, na Burj Khalifa, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina mita 828. Muscat ilichagua kuzuia kimo. Majengo yake meupe hukaa chini ya milima, na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos huonekana kutoka mbali. Makka nako, aliyehiji katika miaka hii ameuona mnara wa saa wa mita 601 ukisimama juu ya Msikiti Mtukufu, mahali ilipokuwa ngome ya Ajyad iliyobomolewa mwaka 2002.

Hata hivyo, si haki kuwaambia watu wa Unguja wasijenge kwenda juu popote. Sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Ardhi haikuongezeka, na kila kiwanja kipya hula shamba la mikarafuu au la minazi. Ng'ambo ilionja maghorofa baada ya Mapinduzi ya 1964, pale Michenzani ilipojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Huko Fumba, mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 litakalotumia mbao kwa sehemu kubwa. Mtu anaweza kuuliza litakaliwa na nani na kwa bei gani, lakini mahali pake hapazibi upepo wa Shangani wala hapachungulii ua wa Malindi.

Hatari iliyo karibu zaidi na Mji Mkongwe ni uchakavu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Hakuna ghorofa jipya lililoliangusha. Nyumba za kawaida hufa vivyo hivyo, kimyakimya: paa huvuja, boriti huoza, na ukuta wa chokaa hupakwa saruji inayofungia unyevu ndani. Warithi hushindwa kuafikiana, na mwishowe nyumba huuzwa ikawa hoteli.

Kwa hiyo, wenye nyumba huko, za urithi au za wakfu, wana wajibu usioweza kuachiwa serikali peke yake. Warithi na wakae pamoja kabla ya masika, wachangie paa na chokaa kwa kadiri ya uwezo wao, na msimamizi wa wakfu aitumie kodi kwanza kwa matengenezo, kama wanazuoni walivyoelekeza. Kibali cha ujenzi kinaweza kumzuia jirani asipande juu. Kuizuia nyumba isishuke chini ni kazi ya wenyewe, na mvua haiwasubiri.