Mtu wa Kumwambia

Katika shule za bweni za miaka ya 1990, muhula ulifungwa mstarini. Mwalimu wa taaluma alisoma majina kuanzia wa kwanza, makofi yakififia kadiri alivyoteremka, hadi akawafikia wale waliojua tangu alfajiri kwamba watatajwa mwisho mbele ya shule nzima.

Aliyelia bwenini usiku aliambiwa anadeka. Aliyesusa chakula alikuwa na kiburi. Wasichana walipoanguka mmoja baada ya mwingine wakipiga mayowe, mitihani ikikaribia, ilisemwa ni mapepo. Waliombewa, kengele ikalia, vipindi vikaendelea. Hakuna aliyewauliza wanaogopa nini. Matroni wetu alikuwa mama mwema kwelikweli, mwenye funguo za stoo na vidonge vya malaria, lakini nani alimfundisha kupokea huzuni ya mtoto? Mwenzetu mmoja alifunga sanduku lake katikati ya muhula. Tukaambiwa shule imemshinda. Alikuwa amefiwa na mama yake.

Leo afya ya akili inazungumzwa redioni bila kunong'ona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 45 lina kama sita. Hata desturi ya kupanga majina imeanza kutiliwa shaka: Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora wala wanafunzi bora. Nilifurahi. Ila shuleni orodha zimebaki kwenye mbao za matangazo, na sasa zinasambaa hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: tumepata walimu wa malezi na unasihi, lakini wengi hawana chumba, wana vipindi tele, na fimbo wanaishika wao wenyewe. Kanuni za adhabu shuleni bado zinaruhusu viboko, visivyozidi vinne. Mtoto gani atampelekea siri yake mtu aliyemchapa jana?

Wakuu wa shule, hili halihitaji kusubiri waraka. Mpeni mwalimu wa unasihi chumba chenye mlango, mpunguzieni vipindi, na mwondoeni kabisa kwenye adhabu. Nawe mzazi, kabla ya kuuliza amekuwa wa ngapi, muulize mwanao analalaje usiku.