Kila Mtu kwa Lugha Yake

Sisi wa Ganako hatuhitaji kusafiri mbali ili tuielewe siku ya Pentekoste. Siku ya soko pale Karatu tunasikia Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Kidatoga na Kimaasai, lugha za Kinailoti. Na Kinyiramba, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Tukiteremka hadi Ziwa Eyasi tunawakuta Wahadzabe, wapatao 1,000 hivi, ambao lugha yao yenye sauti za kupiga kidoko haijathibitika kuwa na undugu na nyingine yoyote duniani. Tanzania ina lugha zaidi ya 120.

Kiswahili kimetuunganisha, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Bila hicho tusingeketi ibada moja. Lakini tunapomtembelea bibi mgonjwa, tunaona jambo. Sala ya Bwana anaifuata kwa Kiswahili, kwa heshima. Akianza kuomba mwenyewe kwa Kiiraqw, machozi humtoka. Na mjukuu aliyemshika mkono haelewi anaombewa nini.

Wapendwa, Roho Mtakatifu hakuwapa watu wote lugha moja pale Yerusalemu. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Basi, jioni kabla ya kulala, tuwaombee watoto wetu kwa lugha za nyumbani. Kiswahili watakipata shuleni na kanisani. Baraka ya bibi wataipata kwake tu, nao wanapaswa kuijua kabla ya kuitikia Amina.