Resini na Udongo Mbichi wa Rungwe

Zamani udongo wa Rungwe ulitufikia maabara ukiwa bado mbichi. Mabwana shamba waliuleta kutoka Katumba, Kiwira na Masoko, udongo mweusi na mwepesi wa majivu ya volkano, ndani ya sanduku la barafu. Tulipima amoniamu yake, na amoniamu haingoji. Udongo ukilala kwenye joto, vijidudu vyake huendelea na kazi, na kesho yake unapima kitu kingine.

Tulitikisa gramu 10 za udongo katika mililita 100 za kloridi ya potasiamu, potasiamu ikaing'oa amoniamu kwenye chembe, tukachuja. Hata hivyo, kazi yenyewe ilianzia kwenye maji. Maji yaliyokenekwa hunyonya amonia ya hewani, kwa hiyo tuliyapitisha kwanza kwenye bomba la kioo lililojaa punje za resini. Punje hizo zina chaji hasi: hushika amoniamu, huachia haidrojeni. Zikichoka, zinaoshwa kwa asidi na kurudi kazini. Mzee aliyenifundisha hakuruhusu sampuli yoyote isomwe kabla ya kupima maji matupu.

Na kanuni ya resini, kushika hiki na kuachia kile, ilitoka udongoni. Mwaka 1850, Thompson na Way wa Uingereza walieleza jinsi salfeti ya amonia ilivyomiminwa juu ya udongo, na chini ikatoka salfeti ya kalsiamu.

Sasa bomba letu limekauka, ingawa kipimo bado kinahitajika. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Mbeya mwaka 2022 imempunguzia mkulima bei, na hilo ni jema sana. Lakini mvua ya Tukuyu, huko huko Rungwe, hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Amoniamu ya mbolea ya SA (salfeti ya amonia) au urea hugeuka nitrati, na nitrati husombwa kuelekea mto Kiwira na Ziwa Nyasa, mkulima asijue kiasi gani kimemponyoka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba resini ingeweza kumwambia. Unaitia pamoja na resini ya chaji chanya, inayoshika nitrati, kwenye kifuko cha nailoni, unakifukia kwenye mizizi ya chai au migomba, unakiacha wiki kadhaa kinase kinachopita. Ukikifukua, unakisuuza, unakitikisa katika kloridi ile ile, unasoma. Tulilizungumza jambo hili miaka mingi, fedha haikupatikana.

Wenye dhamana ya maabara za Nyanda za Juu Kusini, nunueni resini, mfukie vifuko hivyo Rungwe kabla ya mvua za Novemba, na majibu yapelekwe kwa mkulima mwenyewe.