Mahubiri Hupimwa Mnadani

Nilianza uinjilisti Dayosisi ya Kagera ikiwa bado changa. Ilianzishwa mwaka 1985, makao yake Murgwanza, si mbali na kwetu Nyamiaga. Tulifundishwa kuandaa mahubiri. Namna ya kujua kama yamesikika hakuna aliyetufundisha. Amina ya Nyamiaga usiitegemee: mtu huitikia kwa heshima huku akiwaza kahawa yake iliyoanikwa.

Mimi nilipimia nje, kwenye mnada. Asiye na pesa huleta sadaka ya mazao, mayai, maharage, kuku, mkungu wa ndizi, na baada ya ibada mzee wa kanisa hunadi. Siku niliyohubiri habari za yule mjane maskini na senti zake mbili, yai moja liliponyanyuliwa akina mama wakapaza sauti: "Hilo la mjane, ongezeni!" Likapanda bei kupita kuku. Siku nyingine watu walinunua, wakafunga mizigo yao, wakaondoka. Hapo nilijua nimejichosha bure.

Wazee wa Uamsho, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, hawakungoja mnada. Ukirefusha, bibi mmoja anaanzisha wimbo wa Tukutendereza, kanisa zima linadakia, nawe umesimama na Biblia yako wazi. Wachungaji vijana huona ni utovu wa nidhamu. Mimi naupenda. Ila wimbo huo huja pia pale neno lilipomchoma mtu, na kujua upi unakukaribisha na upi unakuketisha kulinichukua miaka.

Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kukimbilia kwetu kwa muda wa siku moja hivi. Nikaenda kuhubiri katika kambi ya wakimbizi ya Benaco, kwa Kihangaza, lugha yetu, nao wakanielewa bila mkalimani. Nilisimulia Kaini na Habili. Hakuna aliyeitikia, hakuna aliyeimba. Tulipotoka mzee mmoja akanifuata: "Mwalimu, na baba yao siku hiyo alikuwa wapi?"

Jumapili iliyofuata nililipeleka swali hilo Nyamiaga, mahubiri yakawa hayo tu. Mmoja akasema Adamu alikuwa shambani. Bibi mmoja akamkatiza: shamba gani, naye aliwajua wanawe hawapatani! Ubishi ukatoka nao hadi nje, na siku hiyo mnadi alinadi peke yake.