Mkono wa Mwisho

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikishajaa, hata hivyo, nani atakayetambua punje fulani ilitoka katika kiganja gani? Swali hili liliwakabili waundaji wa Linux, kiini cha mfumo wa kuendeshea tarakilishi kilichoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Watu wengi wa nchi mbalimbali waliichangia mistari yao. Mwezi Machi mwaka wa 2003, kampuni ya SCO iliishtaki IBM mahakamani, ikidai kuwa mali yake ilitiwa katika Linux bila idhini.

Funzo lilieleweka: utungo usiojulikana nasaba yake ni vigumu kuutetea. Mwaka wa 2004 ikawekwa kanuni kwamba kila mchangiaji atie jina lake chini ya mchango wake, akithibitisha kuwa ana haki ya kuutoa. Mwezi Aprili mwaka wa 2005, Torvalds akaunda Git, mfumo unaohifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Amri moja ya mfumo huo huonyesha, kando ya kila mstari, jina la aliyeugusa mwisho. Amri hiyo ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya lawama. Katika mfumo wa Subversion, amri kama hiyo ina jina jingine lenye maana ya sifa.

Hapa ndipo penye mtego. Aliyegusa mwisho si lazima awe ndiye aliyetunga. Mtu akiusogeza mstari kidogo tu ili upangike vizuri, jina lake ndilo litakalojitokeza, la mtunzi lifichike nyuma yake. Msomaji mwenye pupa atamlaumu asiyekosa au atamsifu asiyestahili. Mchunguzi makini huiamuru Git ipuuze nafasi tupu na ifuate mistari iliyohamishwa, kisha hurudi nyuma, badiliko baada ya badiliko, hadi pale mstari ulipozaliwa.

Mwanafunzi wa fasihi si mgeni wa mtego huu. Utenzi hunakiliwa, ukahaririwa, ukachapishwa. Jina la mhariri likang'aa jaladani, la malenga likasahaulika. Baadhi ya malenga wa kale walilitanabahi jambo hili, wakataja majina yao na tarehe katika beti za mwisho. Hao walitia sahihi kabla tarakilishi haijazaliwa.

Anayeuliza mstari ulitoka wapi hana budi kuwa na subira ya kuupita mkono wa mwisho, la sivyo atamdhulumu mwenye mkono wa kwanza.