Wanunuzi Walio Njiani

Kabla simu hazijawa soko, aliyetaka kuuza kitanda au friji hapa Gisimenti, Remera, alimtafuta dalali, yule ambaye Kigali tunamwita komisiyoneri. Wangu alikuwa mzee aliyeshinda kibarazani pa duka la vyombo, daftari mkononi, akijua ni mpangaji gani wa Remera anahamia na yupi anahama. Kabla hajakuletea mnunuzi alikuwa ameshamuuliza anakaa wapi, anafanya kazi gani, na nani anamfahamu. Watu walinung'unikia asilimia kumi yake. Mimi naitetea hadi leo, maana mnunuzi wake akisema saa nne, saa nne yuko mlangoni.

Kisha zikaja simu za kisasa, na makundi ya WhatsApp ya mtaa. Remera wapo wengi wenye mikataba ya miaka miwili mitatu. Mkataba ukiisha, nyumba nzima inauzwa kwa wiki moja, kuanzia sofa hadi sufuria. Majirani wakaanza kuniachia vitu niwauzie. Unaweka picha asubuhi, na kabla chai haijapoa maswali yamejaa: "Bado ipo?" "Bei ya mwisho?" Tulifurahi kwamba asilimia kumi imebaki mfukoni.

Furaha hiyo iliniishia kwa friji moja. Jirani yangu alikuwa anarudi kwao Bujumbura Jumamosi asubuhi, na friji ilipaswa kutoka Ijumaa. Mtu wa Kimironko akakubali bei, akasema anakuja na gari. Wengine watatu nikawajibu imeshapata mtu. Tukaizima, tukayeyusha barafu, tukaipangusa hadi kwenye mipira ya mlango. Saa nane akaandika, "Nipo njiani, mama." Saa kumi akapiga simu kwamba amefika Giporoso, umbali wa dakika chache tu kwa pikipiki. Baada ya hapo simu ikazimwa. Wale watatu nilipowarudia, mmoja alikuwa ameshanunua kwingine na wawili hawakujibu. Jirani akaondoka akiwa na pengo kwenye nauli aliyoitegemea, na machozi yake niliyaona.

Nililitafakari sana jambo lile, na sikubali wanaosema kwamba watu wa hivyo wote ni matapeli. Zamani kusema "nakuja" kulikugharimu, kwa kuwa ulimwambia mtu uliyekutana naye kila siku. Kwenye simu mtu mmoja anaahidi friji tano, aende kuangalia moja. Wengi wao wanangoja mshahara, wanaona haya kusema hawana kitu, basi wanashikilia bidhaa kwa maneno. Ndiyo maana vitu vikubwa navitangaza kuanzia tarehe 25. Na anayeahidi kuja saa tatu asubuhi Jumamosi ya mwisho wa mwezi simtegemei kabisa: muda huo nchi nzima iko kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na gari la mizigo hulipati.

Matapeli wenyewe walizidi malipo ya simu yalipoenea. Mobile Money ya MTN ilianza Rwanda mwaka 2010, ila kwa miaka mingi wengi wetu tuliitumia kuwatumia wazazi vijijini. Machi 2020, korona ilipotufungia ndani, Benki Kuu ilitangaza kuondolewa kwa ada za kutumiana pesa kwa miezi mitatu, na hata muuza makaa akaanza kulipwa kwa simu. Ndipo zikaja meseji za uongo. Maneno ni yale yale ya mtandao, kiasi ni kile kile mlichokubaliana, lakini meseji imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, naye mnunuzi anakuharakisha, injini ya Daihatsu inaunguruma nje. Hapo huangalii meseji. Unabonyeza *182# ukaangalia salio lako mwenyewe, na mkono hautoki kwenye friji hadi uone pesa.

Vitu vidogo, kama simu na pasi, nakabidhi Ijumaa jioni kwenye barabara yetu, ambayo tangu 2021 magari hayapiti jioni za mwisho wa wiki. Kuna taa, kuna watu, na mnunuzi ana nafasi ya kukaa akaijaribu simu bila hofu. Yeye pia anaogopa kuibiwa; tusimsahau.

Vitu vikubwa vina avansi, yaani malipo ya awali. Faranga 5,000 zinakuwekea kitu hadi kesho jioni, na mwenye nia habishani. Tunalobishania sisi wauzaji ni avansi ya asiyetokea. Wenzangu wengi wanaila. Mimi nikishauza kwa mwingine naituma ilikotoka, kwa sababu msiba na ugonjwa havimpigii mtu hodi, na sijui kilichomzuia.

Siku hizi, kabla ya kumwekea mtu kitu, tunaulizana namba yake katika kundi letu la wauzaji wa Remera. Mwezi uliopita dada mmoja wa Giporoso alikuwa na kabati la milango mitatu, akauliza kama kuna anayemfahamu mnunuzi wake. Nilimfahamu: aliwahi kununua meza kwangu, akachelewa saa nzima kwa mvua, lakini alipiga simu mara mbili kunieleza. Nikamjibu, "Mwekee, dada. Huyo anakuja."