Kuanguka kwa Mmoja

Nilikuwa nimeifungia PSP ya mwanangu kabatini, nikidhani inamwibia muda wa sala. Likizo ilipofika nikamrudishia, nikamwomba anifundishe. Mchezo wake ni Monster Hunter, wa kampuni ya Capcom ya Japani, ulioanza mwaka 2004. Unawinda zimwi, ukilishinda, magamba na mifupa yake unatengenezea silaha na deraya. Hakuna kipimo cha uhai wake uliobaki; unalitazama tu mpaka uone linachechemea.

Wawindaji hadi wanne huenda pamoja. Kuanguka mara tatu, hata kama ni kwa mtu mmoja, ni kushindwa kwa wote. Kwa kifaa cha kuazima, nilianguka mara mbili. Nilingoja lawama. Mwanangu akasema, "Baba, kaa nyuma yangu kwanza."

Usiku ule usingizi ulichelewa. Mimi na wazee wa kanisa tulikuwa tumemwondoa kijana mmoja kwenye kwaya kwa kosa lake, na hakuna aliyekwenda kumwona. Nimehubiri mara nyingi jinsi Paulo alivyowafundisha Wagalatia kuchukuliana mizigo. Anguko lile tulilihesabu kuwa lake peke yake.

Asubuhi nilikwenda kwao. Nilianza kwa kumwomba radhi.